Umemaliza kidato cha nne na unataka kusomea kompyuta chuoni? Soma hapa kabla hujalipa ada

#1 bintiSingida (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Wakubwa zangu shikamooni.

Tangu matokeo ya kidato cha nne yatoke naulizwa swali lile lile: dada, nina divisheni ya tatu, napenda kompyuta, niende chuo au nipambane niende kidato cha tano? Mwingine anamuulizia mdogo wake, mwingine mwanawe. Nimeona niandike hapa yote niliyonayo, maana nikimjibu mmoja mmoja mengi yanasahaulika.

Mimi nilisoma shule ya kata mkoani Singida. Kompyuta niliyokuwa naifahamu ni ya steshenari moja pale stendi, na nilikuwa naiona kwa mgongo tu, kioo kimemwelekea mwenye steshenari. Matokeo yakatoka, divisheni ya tatu, Hisabati D. Nyumbani walinipa pole kama niliyefiwa. Kwao chuo ni pa kwenda aliyekosa kidato cha tano. Leo nahudumia mifumo ya hospitali ya wilaya, mwaka wa saba kazini, nina stashahada na shahada, na kidato cha tano sikukikanyaga. Kwa hiyo mzazi unayesoma hapa, usimpe mtoto pole. Mpe nauli na umuulize maswali ya maana.

Njia yenyewe iko hivi. Kwa kidato cha nne, kigezo cha chini cha kuanza chuo ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, kuanzia D. Unaanza ngazi ya 4, astashahada ya awali, mwaka mmoja. Unaingia ngazi ya 5, mwaka mwingine. Ngazi ya 6 ndiyo stashahada yenyewe. Jumla miaka mitatu. Hicho ni kigezo cha jumla tu. Kozi nyingi za kompyuta zinaongeza masharti yake, hasa Hisabati, na nyingine Kiingereza au Fizikia. Aliyemaliza kidato cha sita na ana principal moja (ufaulu kamili wa somo) na subsidiary moja (ufaulu mdogo, chini ya huo) huanzia ngazi ya 5.

Ukimaliza stashahada na GPA (wastani wa alama zako za chuo) ya 3.0 au zaidi, pamoja na zile D zako nne za kidato cha nne, mlango wa chuo kikuu uko wazi. Ila ili uombe chuo kikuu unahitaji namba ya uhakiki inayotoka NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya kati, wenyewe wanaiita AVN. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo binamu yangu alipoumia.

Binamu yangu alisoma chuo kimoja (sitakitaja), jengo zuri, bango kubwa, maabara ina kiyoyozi. Alilipa ada miaka mitatu. Siku ya kuomba AVN jina lake halimo. Kumbe chuo kilisajiliwa, lakini kozi aliyosoma haikuwa na ithibati, yaani kibali cha kufundishwa. Usajili wa chuo na ithibati ya kozi ni vitu viwili. Shangazi alikuwa ameuza kiwanja. Alilia akiwa amekaa chini jikoni, na mimi sikuwa na neno la kumwambia. Kwa hiyo fungua tovuti ya NACTVET, tafuta chuo, halafu tafuta jina la kozi, lilingane neno kwa neno na lile lililoandikwa kwenye barua yako ya kujiunga. Usipoliona, usilipe hata shilingi. Hata kama ofisa udahili ni rafiki wa familia.

Majina ya kozi yanachanganya watu, nayaeleza kwa kifupi. Sayansi ya Kompyuta inaelemea kuandika programu na hesabu zake. Teknolojia ya Habari, au TEHAMA, inagusa kila kitu kidogo kidogo: mitandao, hifadhidata, tovuti, ufundi wa mashine. Uhandisi wa Kompyuta unaingia kwenye umeme na saketi, huko Fizikia inahitajika kweli. Ngazi ya stashahada masomo ya mwaka wa kwanza yanafanana sana, usikose usingizi kwa jina tu. Kilicho muhimu ni uende ukaone maabara. Uliza darasa lina wanafunzi wangapi, na kompyuta zinazowaka ni ngapi. Nimesema zinazowaka.

Chuo changu tulianza wanafunzi 84, wasichana 11. Maabara ilikuwa na kompyuta 30, zinazowaka 22. Tukawa tunakaa wanne kwenye mashine moja, na anayeshika kipanya ni yule aliyewahi kuijua kompyuta kwao. Mimi nilikaa pembeni muhula mzima. Nilikuwa naona, naandika madesa vizuri, naitikia kwa kichwa. Mtihani wa programu ulipokuja nikapata sapu, mtihani wa kurudia. Na nilistahili, kwa sababu kuona mwenzako anaandika programu ni sawa na kuona mwenzako anaogelea. Mwenzangu mmoja aliyekaa upande ule ule wa pembeni alidisko (aliondolewa chuoni kwa kufeli) mwaka ule, akarudi kwao. Alikuwa na akili kuliko mimi. Kila nikimkumbuka naumia.

Likizo ile nilirudi Singida na daftari la kurasa 96. Sikuwa na mashine. Nikaanza kuandika programu kwa kalamu na kuzipitisha mwenyewe kwa mkono. Nachora jedwali, kila kigezo, yaani jina linalobeba thamani kwenye programu, kina safu yake, nasoma mstari wa kwanza, naandika thamani. Mstari wa pili, nafuta, naandika nyingine. Programu ya mistari kumi ilinichukua saa nzima. Lakini baada ya wiki tatu nilijua kitu ambacho wenye laptopu wengi darasani hawakukijua: kwa nini jibu limetoka vile. Sapu niliifuta kwa B.

Mwaka wa pili mama aliuza magunia ya alizeti, tukaenda na kaka Kariakoo, tukapata laptopu ya mtumba kwa shilingi 380,000. Ukienda kununua yako, usihangaike na rangi wala wembamba. Angalia ramu (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8, diski iwe SSD, ile isiyo na sehemu inayozunguka. Iwashe mwenyewe. Fungua ukurasa wa kuandika, bonyeza kila kitufe kimoja kimoja, hata vile usivyovitumia. Chomoa chaja, kaa nayo nusu saa pale dukani uone chaji inashuka vipi. Izime, uiwashe tena uone kama inadai nywila kabla hata Windows haijaanza. Ikidai, iache, maana hiyo ilikuwa mali ya ofisi fulani na nywila hutaipata. Yangu betri ilikuwa inakaa dakika 40, nikaishi nayo hivyo hivyo geto miaka miwili, nikisoma karibu na soketi.

La mwisho ni fildi, mafunzo ya vitendo kazini. Msikubali kwenda fildi kutoa kopi. Mimi nilipangiwa ofisi moja, fundi mkuu akanipa kazi ya kukrimpu, yaani kufunga vichwa, nyaya kumi na mbili za mtandao. Nyaya ndogo nane za ndani nilizipanga kwa jozi, kila rangi na mwenzake mweupe: chungwa, kijani, buluu, kahawia. Niliona imependeza. Nikachomeka kipimaji, taa zote nane zikawaka kwa mpangilio. Nikafunga. Kesho yake watu wa chumba cha mwisho wanalalamika mtandao unasuasua, faili ndogo inachukua dakika. Fundi akakata kichwa cha waya, akakitazama, akanionyesha: ya tatu ni nyeupe-kijani, ya nne ni buluu, ya tano nyeupe-buluu, ya sita ndiyo kijani. Jozi ya kijani lazima iikumbatie ya buluu, kwa sababu mtandao unatuma ishara kwenye waya wa 3 na wa 6 kama jozi moja iliyosokotwa pamoja. Nilipozipanga kwa urembo wangu, ishara moja ilipita kwenye nyaya mbili zisizosokotana, zikaingiliana. Kipimaji cha bei rahisi hakioni hilo, kinaangalia tu kama waya umefika upande wa pili. Nilirudia nyaya zote kumi na mbili. Mpaka leo nikifumba macho naona zile rangi.

Maswali karibuni, nitajibu kadiri nitakavyoweza.

#2 mamaWaWatatu

Asante sana mwanangu, Mungu akuzidishie. Nina kijana amepata C ya Hisabati. Amepokea barua za vyuo viwili. Kimoja wananipigia kila siku, wanasema nafasi zinaisha, nitume nusu ya ada kwenye namba ya simu ya mhasibu kabla ya Ijumaa. Nimeshakopa kikoba. Nifanyeje?

#3 bintiSingida

Shikamoo mama. Usitume. Ada hulipwa kwenye akaunti ya benki yenye jina la chuo, au kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo. Vyuo vya serikali vyote vinatumia namba ya malipo. Simu ya mtu binafsi sio mahali pa ada, hata awe mhasibu kweli. Waombe barua yenye mchanganuo wote: ada, mitihani, bima ya afya, kitambulisho, mafunzo kwa vitendo. Halafu kabla ya hiyo Ijumaa ingia tovuti ya NACTVET na kijana wako, mkae wote wawili, mtafute kozi zote mbili kwa majina. Ukikwama nitumie majina ya kozi kwenye ujumbe binafsi, nitakusaidia kutafuta.

#4 mjumbeKimya

Dada umeandika vizuri ila napingana kidogo. Aliyefaulu kwenda kidato cha tano aende. PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) miaka miwili, shahada ya Sayansi ya Kompyuta miaka mitatu, mitano jumla. Njia yako mitatu ya stashahada na mitatu ya shahada ni sita. Na kidato cha tano cha serikali hakina ada, wakati chuo mzazi anakamuliwa tangu siku ya kwanza. Hesabu za PCM pia zinamjenga mtu.

#5 bintiSingida

Mkuu hapo uko sahihi, na sitaki mtu afikiri nawavuta wote chuoni. Aliyechaguliwa PCM na hesabu anaziweza, aende, ataokoa mwaka. Mimi hesabu za chuo kikuu zilinitoa jasho, wenzangu wa PCM walikuwa wanazipita wakicheka. Upande wa pili, mwaka wa kwanza wa shahada wao ndio walikuwa wanafundishwa hifadhidata ni nini, na mimi nilishatengeneza mbili zinazotumika. Na wa stashahada akikwama katikati kwa sababu ya fedha ana cheti cha kumwombea kazi. Wa kidato cha sita akikwama, amekwama. Kwa familia kama yangu hilo lilikuwa na uzito.

Kuhusu mkopo: Bodi ya Mikopo ilianza kukopesha wa stashahada mwaka wa masomo 2023/2024, lakini kwa fani zilizoorodheshwa tu. Soma mwongozo wa mwaka wako, usisikilize wa kijiweni. Bumu la shahada ndilo lililonivusha mimi.

#6 mzeeWaKadi

Nimesoma uzi huu mwanzo mpaka mwisho nikiwa na miwani yangu. Binti, hilo daftari lako limenirudisha mbali. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na sisi tuliokuwa tunaitamani fani hii tulibaki na mashine chache mno zilizokwisha kuwapo. Tulikuwa tunaandika programu kwa penseli kwenye karatasi yenye vyumba vidogo vidogo. Unampelekea mtoboa kadi, maana mashine ilisoma matundu ya kadi, kadi zinapangwa kwenye boksi, majibu unayapata kesho yake. Ukikosea alama moja, umepoteza siku. Kwa hiyo kabla ya kuikabidhi ile karatasi ulikuwa umeipitisha kwa mkono mara tatu, mara nne. Vijana, msione daftari ni la mtu maskini. Mashine ikijibu haraka sana, mtu haoni sababu ya kufikiri.

#7 bintiSingida

Mzee wangu shikamoo. Maneno yako nitayachapa niyabandike ofisini.

#8 pwaniMombasa

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu diploma ya kompyuta vyuo vya ufundi wanataka C- ya KCSE, mtihani wetu wa kidato cha nne, na shahada ni C+. Maombi ya vyuo vya serikali yanapitia KUCCPS, ofisi ya serikali inayopanga wanafunzi vyuoni. Yule mwenye D huanza na cheti cha ufundi akapanda ngazi. Nami nilipitia huko huko. Hadithi ya kompyuta 22 kwa watu 84 nimeicheka kwa uchungu, sisi tulikuwa tunaingia maabara kwa zamu mpaka saa mbili usiku, na zamu ya usiku stima zikipotea ndiyo basi. Kwa wasio na bahati ya chuo bado, kuna kozi ya kompyuta ya CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard, ni bure mtandaoni. Inaanza na Scratch, lugha ya programu ya kupanga vitalu, halafu lugha ya C. Pakua video ukiwa kwenye waifai ya mtu, uangalie nyumbani bila bando.

#9 kijanaGeita

Dada naomba msaada. Mimi Hisabati nina F. Nina D za Kiswahili, Jiografia, Baiolojia na Historia. Nina simu tu, baba ni mchimbaji mdogo, laptopu haiwezekani mwaka huu. Je nisahau kompyuta?

#10 bintiSingida

Usisahau mdogo wangu, ila nitakuambia ukweli. D nne zako zinatosha kigezo cha jumla, na kuna kozi zinaweza kukupokea hivyo hivyo. Lakini ukiingia kompyuta bila hesabu kabisa utateseka darasani na milango mingi itabaki imefungwa. Risiti Hisabati kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwaka mmoja, somo moja. Kama kuna chuo cha VETA karibu kinachofundisha kozi fupi ya kompyuta, ingia huku unajiandaa.

Na simu yako kama ni ya Android ni kompyuta tayari. Weka programu inaitwa Termux, andika `pkg install clang`, itakula bando kiasi mara moja tu. Baada ya hapo unaandika na kuendesha programu za C bila intaneti. Jipe zoezi la kwanza: programu ijumlishe namba 1 mpaka 10. Andika kwanza daftarini.

#11 mamaWaWatatu

Nimerudi. Tumekaa jana na kijana mpaka saa nne usiku. Chuo kile cha kunipigia simu kipo kwenye orodha, kozi yao haipo. Tumetafuta mara tatu, na jirani ambaye ni mwalimu naye akatafuta. Cha pili vyote vipo, chuo na kozi. Asubuhi wamenipigia tena, nikawaambia nitumieni namba ya ithibati ya kozi, wakakata. Fedha ya kikoba iko salama. Jumamosi tunapanda daladala kwenda kuangalia maabara ya hicho cha pili, kijana ameandika maswali yako kwenye karatasi, la kwanza ni kompyuta zinazowaka.

#12 bintiSingida

Mama, nimefurahi mpaka machozi. Nimemtumia binamu yangu ujumbe wako ausome.

#13 kijanaGeita

Dada nimeweka Termux, imekubali. Nimeandika ile ya kujumlisha, inaenda bila kosa lolote ila inaleta 45. Kwenye kikokotozi nikijumlisha 1 mpaka 10 napata 55. Simu ina tatizo? Mstari wangu ni huu:

`for (i = 1; i < 10; i++) jumla = jumla + i;`

#14 bintiSingida

Simu ni nzima, na umefika mbali kuliko nilivyofika mimi muhula wote wa kwanza. Sikupi jibu. Chukua daftari, chora safu mbili, i na jumla. Pitisha mzunguko mmoja mmoja, andika thamani zote mbili kila mara, na kabla ya kila mzunguko jiulize lile sharti la katikati kwa sauti: i ni ndogo kuliko 10? Ukifika mwisho niambie i ya mwisho kuingia ndani ilikuwa ngapi.

#15 kijanaGeita

1 na 1. 2 na 3. 3 na 6. 4 na 10. 5 na 15. 6 na 21. 7 na 28. 8 na 36. 9 na 45. Halafu i inakuwa 10, nikauliza kwa sauti 10 ni ndogo kuliko 10? Hapana. Imebaki mlangoni, haikuingia.

Nimeweka `i <= 10`.

Imeleta 55. Nimemwonyesha baba.